Injini ya Cessna 172 ikizimika angani

Umeuliza uanze na nini injini ya Cessna 172N (ndege ndogo ya injini moja) ikizimika futi 4,000 juu ya ardhi. Redio ngoja kwanza. Weka pua ya ndege upate spidi ya noti 65. Kusipokuwa na upepo utateleza takriban maili 6 za baharini. Ukiinua pua zaidi ukidhani utafika mbali, umbali unapungua, na mwishowe mabawa yanakosa hewa ya kuyabeba.

Chagua mahali pa kutua papo hapo, ugeukie huko. Ndipo utafute chanzo: vuta kitasa cha joto la kabureta (hewa moto ya kuyeyusha barafu kwenye kifaa kinachochanganya mafuta na hewa) kabla ya yote, kwani linatoka kwenye mfumo wa moshi, ambao hupoa haraka. Matangi yote mawili yafunguliwe, mchanganyiko wa mafuta uwe mzito, magneto zote mbili (vifaa vinavyotoa cheche za injini) ziwake.

Haijawaka? Tamka Mayday mara 3 kwenye masafa uliyopo, au 121.5 (masafa ya dharura), na transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) uiweke 7700, msimbo wa dharura. Ukikaribia chini, funga mafuta, zima magneto, legeza vitasa vya milango visije vikakwama. Swichi kuu ya umeme ibaki hadi umalize kushusha flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vya kupunguza mwendo wa kutua), maana zinategemea umeme (wengi husahau hili).