Mashine Yangu Ilizunguka Siku Kumi na Moja bila Joto

Dada mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, ameniandikia akilalamika kwamba mashine yake ya kukaushia nguo inazunguka na kunguruma kama kawaida, lakini baada ya saa nzima nguo hutoka baridi na mbichi vilevile zilivyoingia. Nilipousoma ujumbe wake nilicheka, kisha hasira zangu za mwezi Mei zikanirudia, kwa kuwa maradhi hayo ninayajua na nimeyalipia.

Mashine yangu niliinunua ikiwa imeshatumika Uingereza, kwa sababu ninakodisha vyumba viwili kwa wageni hapa Bamburi na shuka lazima zikauke siku hiyohiyo. Nina hakika wengi mnaonisoma mna azma kama yangu, ya kusimamisha biashara ndogo nyumbani bila ya kumtegemea mtu. Aliyeishi Mombasa wakati wa Kusi hahitaji kuelezwa: leso ikianikwa asubuhi, Isha inaadhiniwa nayo bado ina ubichi, na kesho yake inanuka uvundo.

Joto lilipokatika, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa la kipumbavu. Nilitazama video ya Mmarekani aliyesema kwamba ngoma ikizunguka bila joto, swichi kuu ya umeme imekatika upande mmoja. Kwao maneno hayo ni sahihi, kwani mashine za umeme hupata laini mbili za volti 120, mota hutumia moja na koili ya joto hutumia zote mbili. Stima ya nyumbani kwetu ni laini moja ya volti 240, na mota na koili hunywa kisima kimoja. Nilipoteza jioni nzima nikiwasha na kuzima swichi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Siku ya pili nikaita fundi. Hakufungua hata skrubu moja. Aliweka sikio kwenye mlango, akasikiliza, akasema bodi, yaani sahani ya saketi inayoiongoza mashine, imeungua na kwamba nitafute shilingi 14,500. Nilipomuuliza kama hataipima kwanza, alinijibu, "Mama, haya mambo ya umeme tuachie sisi." Neno hilo halijanitoka hadi leo. Nililipa shilingi 1,000 za kuja kwake, nikamsindikiza hadi getini kwa adabu, kisha nikaenda kununua mita ya kupimia umeme.

Niliichomoa plagi ukutani, maana kuzima swichi peke yake hakutoshi, nikafungua kifuniko cha nyuma. Koili nilianza nayo. Kibandiko cha mashine kimeandikwa wati 2,200, na kwa volti 240 hesabu inatoa ukinzani wa omu 26 hivi, yaani kiasi ambacho koili nzima huuzuia umeme. Mita ilisoma 26, nami nikajua koili ni nzima. Karibu na koili, juu ya bati, kuna kidude cheupe kidogo chenye waya mbili, ambacho ni fyuzi ya joto. Hiyo si fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi, kwani ile ikiungua mashine yote hunyamaza. Hii, katika mashine yangu, hukata koili peke yake. Niliweka ncha za mita kila upande nikingoja ilie, ishara kwamba umeme unapita, nayo haikulia: fyuzi imekatika. Bodi ya shilingi 14,500 ilikuwa fyuzi ya shilingi 450.

Nilitamba, sitaficha. Nilimpigia simu hata dada yangu aliyeko Lamu kumsimulia. Siku ya nne fyuzi mpya nayo ikaungua.

Hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo: niliivuta mashine kutoka ukutani. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeisukuma ndani ili meza ya kupigia pasi ipate nafasi, na bomba la kutolea hewa lilikuwa limebanwa likawa bapa. Ndani yake nilitoa kwa mkono vumbi la nyuzi za nguo, la kijivu, zito na lenye unyevu kama pamba iliyolowa. Hewa isipopata njia, joto hurundikana kwenye koili, na fyuzi hukatika ili nyumba isiungue. Nilikuwa nimembadilisha mlinzi nikamwacha mwizi ndani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, safisheni chujio kila baada ya mzigo wa nguo. Angalieni bomba. Safisheni chujio tena. Muuza vipuri aliponiona nimerudi alinishauri niziunganishe zile waya moja kwa moja, bila ya fyuzi, "ili usisumbuke tena." Wapo wanaofanya hivyo. Vumbi lile linashika moto upesi, na mtu anayelala chumba cha pili na watoto wake hana haki ya kufanya mzaha huo kwa sababu ya shilingi 450. Uvivu wa kuinama na kutazama nyuma ya mashine tunauita shughuli nyingi. Mimi ni wa kwanza katika kundi hilo.

Dada wa Tudor hakunieleza mashine yake ni ya aina gani. Ikiwa haina bomba bali ina chombo cha kukusanyia maji, basi kondensa, sehemu inayopoza hewa ili mvuke ugeuke maji, ndiyo inayoziba, na nyingi huweza kutolewa na kusuuzwa chini ya mfereji. Ikiwa ni ya pampu ya joto, hiyo hupasha hewa kwa gesi inayozungushwa kama ya friji. Asafishe chujio, na asipopata nafuu amwite fundi wa friji, ahakikishe tu kwamba amekuja na mita.