Nimepoa, je nianze upya?

SWALI: Shikamoo mchungaji. Niliokoka miaka mitatu iliyopita nikiwa moto kweli, mikesha sikosi, kufunga nafunga, ila sasa hivi hata kusali dakika tano nasinzia na simu mkononi. Mara naona bora niache tu kuliko kuwa mnafiki. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mnafiki halalamiki kwamba amepoa, yeye anaigiza tu maisha yanaenda, kwa hiyo hilo liondoe kichwani. Sasa fungua 2 Timotheo 4, mstari wa 10 na wa 11, watu wawili wamekaa jirani kabisa: Dema kamwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu, na Marko ambaye Paulo anasema aletwe maana anamfaa kwa utumishi. Huyo Marko ndiye yule aliyewaacha safarini akarudi zake Yerusalemu (Matendo 13:13), na baadaye Paulo na Barnaba wakagombana mpaka wakaachana njia kwa ajili yake! Yaani aliyekimbia ndo huyohuyo anayeitwa tena. Biblia haituambii alikuwa anajisikiaje siku aliporudi kazini, na mimi naona hisia tunazipa cheo kikubwa mno siku hizi.

Simu iache chumba kingine, usisali umelala kitandani, simama au tembea, soma zaburi moja kwa sauti. Ukisinzia tena kesho, keshokutwa simama tena. Na mtafute ndugu mmoja umwambie haya uliyoniandikia mimi.