Gari linalozima likipata moto: anza na daftari kabla ya spea

Mara ya kwanza gari lilinizimia Mbande, kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Saa nane mchana, jua la Oktoba, niko na mwanangu tunakwenda Kibaigwa kumwona mama. Hakukuwa na kishindo wala moshi. Mshale wa mzunguko wa injini ulianguka hadi sifuri, taa za dashibodi zikawaka zote, usukani ukawa mzito mikononi, na nyuma yangu kuna lori.

Kama hili halijakukuta, lijue mapema. Injini ikizima breki bado zipo, ila nguvu ya kuzisaidia iliyobaki inatosha kukanyaga mara moja au mbili. Kanyaga moja ya maana ushikilie, usipigepige. Ufunguo usiuchomoe gari likiwa linatembea, maana usukani unaweza kujifunga. Washa hazadi, liache lisogee lenyewe hadi pembeni, kisha toa watoto wakae mbali na barabara kabla hujaweka pembetatu.

Baada ya dakika 20 hivi likawaka kama halijawahi kuugua. Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Ni gari la mtumba kutoka Japani, la mwaka 2003, silinda nne. Kwa miezi miwili nilibadilisha plagi zote, koili mbili, kisha pampu ya mafuta. Kama shilingi 350,000 zilikwenda. Kilichoniumiza zaidi ya pesa ni kwamba kila spea mpya ilionekana imeponya. Nyumbani ni Area D, sokoni Majengo, humohumo Dodoma mjini. Safari za namna hiyo zinaisha injini haijapata moto wa kutosha. Nashukuru Mungu, namlipa fundi, wiki inayofuata natoka nje ya mji na gari linazima tena.

Kazi moja tu ya siku hizo za mwanzo ilikuwa na faida: kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini) na kubadilisha eya klina, yaani kichujio cha hewa. Vumbi letu la kiangazi si la mchezo. Sailensi, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, ikatulia, gari likaacha kutetemeka kwenye foleni. Lakini kutetemeka na kuzima kwangu yalikuwa magonjwa mawili tofauti, na mimi nilikuwa nayaelezea gereji kama ugonjwa mmoja.

Ndipo nikaweka daftari dogo kwenye gari. Kila likizima naandika: saa ngapi, nimeendesha dakika ngapi, mafuta yako wapi, nilikuwa mwendo au nimesimama, lilichukua muda gani kuwaka. Baada ya mara tano nikaona mwenyewe. Asubuhi halizimi kamwe. Linazima baada ya dakika 40 na zaidi, mafuta yawe mengi au machache, na haliwaki mpaka lipoe.

Nilimpelekea daftari hilo fundi mmoja mtu mzima kule Kizota. Alilisoma lote kabla ya kufungua boneti. Akaniambia, "Mwanangu, leo hatununui kitu. Liache liungurume mpaka lizime lenyewe." Tulikaa chini ya mwarobaini karibu saa nzima. Lilipozima akajaribu kuwasha: injini inazunguka, haishiki, na mshale wa mzunguko hausogei hata kidogo. Akachovya kitambaa kwenye maji, akakikunja vizuri juu ya kidude cheusi kilicho chini, karibu na puli ya krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Tukahesabu dakika chache. Akapiga ufunguo, likawaka.

Ni sensa ya krenki, yaani kihisio cha mzunguko wake. Ndiyo inayoiambia kompyuta krenki imefika wapi, ili ijue lini imwage mafuta na lini ipige cheche. Waya uliosukwa ndani yake ukichoka, joto linaukatisha. Ukipoa unashikana tena. Mashine ya kupima ilikuwa haijaona kitu kwa sababu kila mara nilipeleka gari likiwa limepoa na linafanya kazi vizuri. Bei ya sensa mpya haikufika hata robo ya nilichokwishatumia. Fundi alisafisha na soketi ya waya, ilikuwa imejaa vumbi na oili.

Usisome hapa ukakimbilia kununua sensa. Lako linaweza kuwa pampu. Likikuzimia, weka ufunguo kwenye ON bila kupiga stata, utege sikio upande wa tangi: kwenye magari mengi pampu inanguruma sekunde mbili hivi. Ikiwa kimya, mwambie fundi aangalie pampu, relei yake (swichi ya umeme) na fyuzi. Na usiwe mtu wa kuendesha taa ya mafuta ikiwa imewaka. Pampu iliyo ndani ya tangi inapozwa na mafuta hayohayo. Mshale wa mzunguko nao utazame wakati wa kupiga stata. Ukilala kabisa ni dalili ya sensa, ingawa si ushahidi kamili.

Na kama una safari ya Manyoni, au ya Iringa kwa njia ya Mtera, iahirishe mpaka ujue. Mimi niliahirisha Kibaigwa mara mbili, nikampigia mama simu, akanielewa.