Kuteleza katika nyumba ya wageni

SWALI: Mheshimiwa mhariri, niliteleza kwenye ngazi za nyumba moja ya wageni hapa Lamu, ambako tangi lilikuwa likivuja bila ilani yoyote, nikavunjika mkono. Mwenyewe ashikilia kwamba kosa ni ndara zangu. Je, nina haki ya fidia?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Sheria ya Kenya, Sura ya 34, humtaka anayesimamia jengo achukue hadhari ya kutosha ili mgeni wake awe salama. Kuvuja pekee hakutoshi. Yakupasa kuthibitisha kwamba alijua, au alipaswa kujua, na asirekebishe, kwa hivyo mashahidi na picha za ngazi zile, zikipigwa kabla hazijakarabatiwa, zina uzito kuliko maneno yako peke yako. Ndara, mahakama ikiona zilichangia, zitapunguza fidia. Hazitaifuta, na usikubali kutishwa kwazo. Hifadhi ripoti ya daktari na kila risiti ya matibabu. Mwandikie kwanza barua ya madai. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya majeraha yasiyozidi shilingi 1,000,000, mradi ufungue kesi kabla ya miaka 3 tangu siku ya ajali.