Kwa wanaoanza kazi ya jotoardhi: anzeni na maji

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya jotoardhi, yaani kuzalisha umeme kwa joto la chini ya ardhi, hapa Uganda, najua kwamba wengi wenu mnavutiwa na tabo (mtambo unaozungushwa na mvuke) na jenereta. Nawasihi mwanze na maji, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayoamua iwapo tabo itazunguka kwa miaka mingi au itasimama mapema.

Kipimo cha joto pekee hakitoshi. Huko Sempaya, chini ya milima ya Ruwenzori, kwenye mwinuko wa takriban mita 700, maji huchemka yakifika karibu nyuzi 98. Kule Yangbajing, bonde la Tibet lililo takriban mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, ambako kituo cha umeme wa jotoardhi kilianza kazi mwaka 1977, kanieneo (shinikizo) ya hewa ni ndogo kiasi kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi. Basi msilinganishe chemchemi mbili bila kuandika mwinuko wake, wala msidhani kwamba joto mnalolipima juu ya ardhi ndilo lililoko chini. Hilo la chini hukadiriwa kwa kiasi cha silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) iliyoyeyuka majini na kwa uwiano wa sodiamu na potasiamu.

Makadirio hayo hayana thamani ikiwa sampuli ilichukuliwa ovyo, na hapa ndipo ninapotaka mjifunze kwa subira. Pimeni pH (kiwango cha uasidi) palepale kwenye chemchemi, maana gesi ya kabonidioksaidi hutoroka njiani na maji yatakayofika maabara hayatakuwa tena yale mliyoyachota. Chujeni, kisha chupa ya kupimia metali itiwe asidi na nyingine iachwe kama ilivyo. Kutoroka huko kwa gesi kukitokea ndani ya kisima, pale maji yanapopanda na shinikizo kupungua, chokaa huganda bombani mithili ya ukoko wa birika. Visima vya Yangbajing vimelazimika kusafishwa mara kwa mara kwa sababu hiyo.

Kuhusu gesi, msitegemee pua. Haidrojeni salfaidi hunuka yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huondoa uwezo wa kunusa. Kabonidioksaidi haina harufu, nayo hutuama mabondeni. Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, huyaita maeneo hayo mazuku. Wenyeji wakiwaambia kwamba mbuzi au ndege hufia shimo fulani, waaminini, wala asishuke mtu humo kabla kifaa cha kupimia gesi hakijatangulia.