Ana leseni, na bado hajakulipa

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu na anasema upunguze mawazo, ingawa yeye mwenyewe tangu asome ujumbe wako hajatulia.

Unasema umemaliza kufunga umeme jengo zima, vipimo vimefanyika, msimamizi wa mradi amesaini, watu wameshaanza kuhamia, na mkandarasi mkuu anakupiga danadana. Mara mwenye jengo hajaleta pesa, mara mhasibu kasafiri, mara simu inaita hadi inakata. Ukaniuliza mambo mawili: mtu mwenye leseni, aliyesajiliwa, ofisi yake inajulikana, anawezaje kula jasho la mwenzake hivi? Na je, ukang'oe vitu vyako?

Nianze na la pili maana hilo lina haraka. Usikang'oe hata swichi moja. Waya ukishazikwa ukutani, sheria za nchi nyingi zinauhesabu kuwa sehemu ya jengo, na jengo si la mkandarasi. Leo wewe ndiye mdai. Ukiingia mle na bisibisi, kesho wewe ndiye mshtakiwa wa uharibifu, na yeye utakuwa umempa sababu ya kutokulipa ambayo mpaka sasa hana. Hasira ni haki yako, lakini usiende nazo saiti.

Sasa hilo la leseni. Leseni inasema kwamba siku alipoomba alikuwa na wataalamu, vifaa na mtaji uliotakiwa. Haisemi kama ni mlipaji. Wala ukubwa wa kampuni si kinga. Carillion ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za ujenzi nchini humo, inajenga hadi hospitali za serikali, na masharti yake ya kawaida yalikuwa kulipa wakandarasi wadogo baada ya siku 120. Ilipoanguka Januari 2018 iliacha madeni ya takriban pauni bilioni 2 kwa wauzaji na wakandarasi wadogo wapatao 30,000. Wengi wao kazi walishaimaliza, kama wewe.

Miaka niliyokuwa nikishika hesabu za mkandarasi niliona jambo hili kwa upande ambao wewe huuoni. Pesa ya mwenye mradi inapoingia benki haiji na majina ya wanaodai. Inaingia akaunti moja, na inakuta mashimo yanaingoja: saruji ya mradi mwingine, marejesho ya mkopo, mishahara, mafuta ya mitambo. Bosi alikuwa akija mezani kwangu, anashika lile rundo la ankara na kuuliza swali moja tu: "Hapa nani hawezi kungoja?" Hakuuliza nani kafanya kazi nzuri, wala nani ana watoto shuleni. Ankara iliyobandikwa hati ya kukamilika kwa kazi, imetaja kifungu cha mkataba, tarehe ya mwisho ya kulipa na riba inayoanza siku inayofuata, hiyo ilipanda juu. Za wale waliokuwa wakipiga simu na kusema "mzee, nikumbuke na mimi" zilirudi chini ya rundo. Wapole ndio waliokuwa benki yetu isiyotoza riba.

Kwa hiyo huyo bwana huenda si mwizi wa kuzaliwa. Huenda amekula pesa yako kwenye mradi wa watu wengine akitumaini ya mbele italipa ya nyuma. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwako wewe haileti tofauti, ila inakuonyesha pa kubonyeza: inabidi uwe yule asiyeweza kungojeshwa.

Acha simu. Jumbe zenu za simu zihifadhi, hasa ule aliokuandikia "kazi safi, nivumilie wiki mbili." Huo ni dhahabu, kwa sababu amekiri kazi imekwisha na hakutaja kasoro yoyote. Akija kudai baadaye kwamba ulifunga vibaya, unao. Kisha mwandikie barua ya madai. Iwe fupi, isiwe na tusi wala kilio: mkataba wa tarehe fulani, kazi iliyofanyika, tarehe iliyopokelewa na aliyeisaini, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki, siku ya mwisho ya kulipa. Ambatisha karatasi za vipimo, picha na kurasa za daftari la saiti zenye sahihi ya forimani wake. Malizia kwa kumtaka akujibu kwa maandishi: kama halipi, ni kwa kifungu gani? Mwenye visingizio vitatu mdomoni hupata taabu sana kuviweka kwenye karatasi moja. Ipeleke kwa njia itakayokuachia ushahidi kwamba ameipokea.

Hesabu yako itenganishe, na hapa nakusihi usifanye haraka. Kuna fungu la kazi ya mkataba, ambalo hakuna anayelibishia. Kuna pesa za zuio, ile asilimia anayoishikilia hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kungoja kama kasoro zitajitokeza, kiishe. Kama muda wake haujafika, usiichanganye kwenye deni la leo, maana atalishika kosa hilo moja na kuitupa barua nzima. Halafu kuna kazi za ziada: zile soketi za jikoni ulizoambiwa uzihamishe baada ya ramani kubadilika, tena kwa mdomo. Hizo zitakuwa na ubishi. Ziandike peke yake, taja nani alikuagiza na lini, weka picha ya kabla na ya baada. Mkandarasi anayetafuta upenyo hupenda kushikilia deni zima kwa ajili ya ubishi wa kipande kidogo. Mnyime hicho kisingizio: alipe lisilobishaniwa, linalobishaniwa mlizungumze.

Ukimaliza hapo fungua mkataba utafute kama kuna kifungu kinachosema utalipwa pale yeye atakapolipwa. Kipo kwenye mikataba mingi na ndiyo ngao yao kubwa. Nguvu yake inategemea nchi. Uingereza sheria ya mwaka 1996 ilikipiga marufuku kwenye mikataba ya ujenzi, isipokuwa pale aliye juu kwenye mnyororo wa malipo amefilisika. New South Wales kule Australia walikibatilisha kwa sheria yao ya 1999. Kwingine bado kinakubalika, au mahakama husema kinaahirisha malipo kwa muda wa kuridhisha tu, hakiyafuti. Muulize mwanasheria wa huko uliko swali hilohilo, na umlipe kwa jibu hilo kwanza kabla hujamkabidhi kesi nzima. Hata pale kifungu kinapokubalika, muulize mkandarasi kwa barua: umelipwa au hujalipwa? Na mwenye jengo naye aulizwe. Nimeona mwenye mradi akishangaa kusikia fundi anadai, yeye alishalipa miezi nyuma.

Mwenye jengo ni mtu wa maana kuliko unavyodhani. Yeye huna mkataba naye, kwa hiyo usimwendee kama mdeni wako. Mpe taarifa kwa adabu kwamba kazi iliyo ndani ya jengo lake haijalipwa. Mara nyingi bado ameshikilia pesa za mkandarasi, na hapendi kuona mgogoro unahamia kwake. Marekani wana haki ya fundi kuliandikia jengo lenyewe deni, wazo lililoingia kwenye sheria za Maryland tangu 1791. Majengo ya serikali hayawezi kushikwa hivyo, ndiyo maana sheria ya shirikisho ya 1935 humtaka mkandarasi mkuu wa kazi kubwa za serikali aweke dhamana ya malipo, yaani ahadi ya kampuni nyingine kulipa yeye asipolipa. Aliyefanya kazi chini yake anaweza kuidai dhamana hiyo zikipita siku 90 bila kulipwa, lakini kesi lazima ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu siku yake ya mwisho ya kazi. Unaona? Haki ipo, ila ina saa. Ndiyo maana "nivumilie wiki mbili" ikirudiwarudiwa huwa ghali: inachokula ni tarehe yako ya mwisho ya kudai. Jua leo kama mradi wenu una dhamana, nani kaitoa, na mwisho wa kudai ni lini.

Mahakama iache kwanza, soma kifungu cha migogoro. Kama kuna mwamuzi wa ujenzi au usuluhishi, hiyo kwa kawaida ni njia fupi. Kwa Waingereza mwamuzi hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 28 tangu apelekewe shauri, na uamuzi unatekelezwa hata kama anayeshindwa ananung'unika.

Halafu bodi iliyompa leseni. Najua ndiko ulikotaka kukimbilia kwanza. Bodi nyingi haziamui madeni, zinaamua mwenendo. California, kwa mfano, mkandarasi akishapokea malipo ya awamu ana siku 7 za kuwalipa walio chini yake, ila kama wamekubaliana vingine kwa maandishi. Akikiuka anaweza kuadhibiwa na bodi na kutozwa asilimia 2 kwa mwezi. Dhamana ya leseni yake huko ni dola 25,000 tangu 2023, na ikiwa wadai ni wengi wanagawana hizo hizo. Kwa hiyo leseni itamtia woga, ila huenda isikulipe yote. Peleka malalamiko yakiwa na barua ya madai na ukimya wake, si na maneno matupu. Na usimwandikie "lipa, la sivyo nitakushtaki bodini." Kuna mahali maneno hayo yanahesabiwa kuwa vitisho. Kama ni kushtaki, shtaki tu.

Atakapoona umekaza, atakuja na nusu. Pokea, una vibarua wa kulipa na wao hawana mkataba na ahadi zake. Lakini soma karatasi atakayokupa usaini. Ikiwa imeandikwa kuwa ni malipo kamili na ya mwisho, kalamu chini. Andika risiti yako mwenyewe: sehemu ya deni, kilichobaki ni kiasi fulani. Akitaka kulipa kwa awamu, tarehe zote ziandikwe, na pia kwamba awamu moja ikikosekana deni lote linaiva siku hiyo.

Na ile kazi nyingine anayokuahidi, "tumalize hii kwanza, nina mradi mkubwa nakuwekea," usiiguse hadi ya kwanza ilipwe. Nishayasikia maneno hayo yakisemwa, na mara nyingine niliyasikia wakati leja ya madeni ikiwa wazi mbele yangu.

Nitumie nakala ya mkataba na rasimu ya barua kabla hujaipeleka. Hesabu nitazipitia usiku huohuo. Risiti za vifaa usizitupe hata zilizofifia. Zipige picha leo, karatasi za namna ile huwa hazikai.

Mama yako