Mwambie kabla hajatoka

*Shangazi, kaka yangu amekaa gerezani miaka 11 kwa kosa ambalo hakulitenda. Ushahidi mpya umepatikana, upande wa mashtaka umesema hautapinga rufaa, na wakili anatarajia atoke mwezi ujao. Kila nikienda kumwona ananisomea daftari lake la mipango: anunue lori, ajenge, amuoe mchumba wake. Mchumba huyo ameolewa miaka sita sasa na ana watoto wawili. Nyumbani tulikubaliana tusimwambie asije akakata tamaa. Nifanyeje? Dada Mtu*

Mwanangu,

Mwambie, tena akiwa bado ndani.

Najua mlimficha kwa mapenzi, na katikati ya kifungo huenda hata mimi ningenyamaza. Lakini huyu alifungwa kwa maneno yasiyo ya kweli. Akitoka akakuta kwamba hata wewe, uliyekuwa ukipanga foleni kwenda kumwona, ulikuwa unaitikia "ndiyo kaka" kila akilitaja jina la yule binti, atamwamini nani tena? Na usidhani itachukua muda. Jirani mmoja mwenye mdomo anatosha, siku hiyohiyo.

Usiandike barua, barua za gerezani hupitia mikono mingine kwanza. Nenda peke yako, na umwambie mwanzoni mwa muda wa kuonana, isiwe ndiyo habari ya mwisho askari akiwa ameshawaita mtoke. Kabla ya hapo mwombe afisa ustawi, au kiongozi wa dini anayeingia humo, awe karibu naye siku hiyo na zinazofuata. Binti wa watu usimtetee wala usimseme vibaya. Kaka yako akikukasirikia, pokea. Usikimbilie kusema lilikuwa wazo la mama. Akikwambia usirudi tena, wiki inayofuata rudi.

Mipango mingine usiicheke. Lori hilo huenda ndilo lililomwamsha asubuhi nyingi. Ila ulizeni mapema pesa zitatoka wapi, maana watu wengi hudhani fidia inamsubiri mtu mlangoni. Ni kweli kwamba Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14, unataka alipwe kwa mujibu wa sheria aliyeadhibiwa, kisha ushahidi mpya ukaonyesha wazi kuwa haki ilipotoshwa. Lakini kudai ni safari nyingine. Iwao Hakamada wa Japani alihukumiwa kifo mwaka 1968, akaachiwa 2014 kesi isikilizwe upya, akaonekana hana hatia Septemba 2024, na mahakama ikaamuru alipwe fidia mwaka 2025. Kwa hiyo wakili aanze kuandaa madai sasa, na kaka yako asitie saini karatasi yoyote ambayo wakili hajaisoma. Asikope kwa kutegemea pesa hiyo. Hapo nasema kwa ukali.

Nimemtaja Hakamada kwa sababu ya dada yake pia, Hideko, aliyempigania miaka yote hiyo na kumpokea nyumbani kwake. Alipotoka, mzee huyo alikuwa akitembea huku na huko ndani ya nyumba kwa saa nyingi, kama bado yuko selo. Kaka yako naye anaweza kuja na mambo ya namna hiyo: kusimama mbele ya mlango akisubiri mtu aufungue, kulala na taa inawaka, kuduwaa ukimuuliza atavaa nini. Si wazimu. Miaka 11 hakuruhusiwa kuamua hata saa ya kulala. Mtafutieni mshauri nasaha mapema, maana asiye na hatia mara nyingi hufunguliwa geti tu, ilhali aliyetoka kwa masharti hupangiwa afisa wa kumfuatilia.

Wiki za kwanza mambo yawe machache: kitambulisho, daktari, simu na mtu wa kumfundisha kuitumia bila kumcheka. Sherehe ya ukoo ingoje mpaka aitake mwenyewe.

Na kama mmeshaanza kumwandalia chumba, acheni rangi. Atachagua yeye. Ninyi wekeni kitasa kinachofungwa kwa ndani, na ufunguo mumkabidhi.

Shangazi